Mzee Tuliyempandisha Kilimani Kunusa Ua

Mimi si mtu wa maua. Niseme mapema, maana watu wakisikia nimefanya kazi na mimea karibu nusu ya umri wangu, wananiletea vyungu vya waridi vilivyonyauka kana kwamba nitavisomea dua vifufuke. Kwangu Yeoville, hapa Johannesburg, hakuna bustani. Kuna kibaraza, kamba ya nguo, na ndoo moja ya mchicha ambayo mume wangu anaimwagia maji kila asubuhi na kujiita mkulima. Mimea yangu mimi ilikuwa imekufa. Kazi yangu ilikuwa kuibandika.

Kubandika ni hivi. Mtu anakwenda porini, anachuma mmea mzima, mizizi, majani, ua, na tunda kama lipo, anaubana katikati ya magazeti mpaka ukauke bapa. Ukiletwa kwetu, unalazwa kwanza kwenye friza ili vijidudu vilivyojificha humo vife kwa baridi. Kisha tunaupanga juu ya karatasi nene, tunaushika kwa gundi na vipande vyembamba vya karatasi, na pembeni tunaweka lebo inayosema ulichumwa wapi, lini, na nani. Baada ya hapo unaingia kabatini. Ukitunzwa vizuri utamzika aliyeuchuma na aliyeubandika pia.

Niliingia kazi hiyo kwa shida, si kwa mapenzi. Mume wangu ni mmoja wa wale vijana wa hapa waliokimbia ubaguzi wakapokewa kwetu Morogoro. Alinioa huko, na uhuru wao ulipopatikana akanileta kwao. Watu walimkumbatia yeye, mimi wakaniuliza kwa Kizulu mambo ambayo sikuyaelewa. Mwaka wa kwanza nililia mpaka muuza spaza, kile kiduka cha mtaani, akawa ananiwekea tishu kando kabla sijaomba. Jirani alinionea huruma, akanitafutia kazi ya kufagia katika jengo moja la kuhifadhia mimea mikavu. Nikaenda na ufagio wangu na uso nimeununisha.

Bwana mkubwa wa jengo lile alikuwa profesa wa Kizungu, mrefu, mkali, soksi mpaka magotini. Sote tulimwita Prof, na Mungu amrehemu, sikumpenda hata kidogo. Siku moja alinikuta nimekaa nafuma wakati wa chakula, akasimama akaniangalia vidole, akasema vidole hivi vinapotea kwenye ufagio. Kesho yake akaniweka mezani akanipa brashi na gundi. Usidhani alinifundisha kwa upole. "Hiyo si meza unayopaka rangi!" alikuwa akipiga kelele, na mimi nina mdomo, namrudishia kwa Kiswahili mpaka nimalize. Akiniuliza nimesema nini, namjibu nimesema ndiyo, Prof. Alijua vizuri kwamba sikusema ndiyo.

Halafu ikaja siku ya lile furushi. Aliniletea mimea ya zamani sana ambayo gundi yake ilikuwa imeachia, akataka niibandike upya. Nikafungua karatasi ya kwanza, nikasoma lebo: Milima ya Uluguru. Nikafungua ya pili, Uluguru. Ya tatu vilevile. Jamani! Nilikuwa na miezi sijaona mtu wa kwetu, sijasikia hata mtu akiitaja Morogoro isipokuwa mume wangu, na hapa, katikati ya Johannesburg, kwenye kabati la chuma, kulikuwa na majani yaliyoota kwenye milima niliyokuwa nikiiona kila nikifungua mlango wa mama yangu. Nilishika jani la kangaga ambalo bibi yangu alikuwa akitandika chini ya ndizi mbivu. Nikaangua kilio.

Prof akaja mbio. Kwanza kabisa aliondoa karatasi chini ya uso wangu, maana machozi yanaharibu sampuli. Akaiweka mahali pakavu, akaikagua. Ndipo akaenda kuniletea chai. Hakuniuliza kitu. Alivuta kiti akaanza kunisimulia habari za mtu aliyeyachuma majani yale, na chai yangu ikapoa nikimsikiliza. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, nikiwa na kamasi puani.

Mtu huyo tulimwita Babu, mimi na Prof, kwa sababu jina lake la Ulaya lilinishinda. Alikuwa mtoto wa muuza dawa kutoka nchi ya baridi, akapanda meli akiwa kijana kuja kuandika mimea na wanyama wa kwetu, zama ambazo wenzake wengi walikuja kutafuta pembe na ardhi. Aliajiri wapagazi pwani akapanda Uluguru. Homa ikamlaza. Mvua ikamnyea siku nzima nzima, akawa anakausha karatasi zake juu ya moto kama mtu anayebanika samaki. Mzigo mzima wa mimea ukasombwa na mto, akarudi nyuma akaanza upya. Baadaye akaja huku kusini kwa gari la ng'ombe, dhahabu ndiyo kwanza imeonekana na Johannesburg ni mahema na vumbi. Wenzake wanachimba, yeye anatambaa kwenye nyasi na kibati cha kuwekea majani. Alikuwa na mijusi ndani ya chupa za pombe kali, na wachimbaji wakaigundua, wakainywa pombe yote na kumwachia mijusi. Prof akifika hapo alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Mimi Babu nilimfanya mtani wangu. Nilikuwa namsema kila siku nikiwa na brashi mkononi. Mwandiko mbaya, namsema. Kachuma mmea bila mzizi, namsema. Na kuna jambo moja lililonipandisha hasira kweli: kwenye lebo zake aliandika kimo cha mlima, rangi ya udongo, hata hali ya mawingu, lakini wale waliombebea mizigo na kumpandia miti akawaita "watu wangu" basi. Watu wako! Wana mama zao! Nikisema hayo, Prof alikuwa ananiambia, "Una haki." Lakini nisiwe mwizi wa fadhila. Bila ukaidi wa yule Babu mwenye homa nisingekutana na nyumbani kwetu ndani ya kabati. Nilikuwa namsema na kumshukuru kwa pumzi moja.

Sasa katika mimea yote ya Babu, Prof alikuwa na mmoja uliomkosesha raha. Ulichumwa hapahapa, kwenye vilima vya mawe vya Johannesburg. Mmea mdogo tu, haufiki kimo cha kiganja, una kiazi chini na ua dogo lenye ncha tano zilizokutana juu kama kitundu cha ndege. Karatasi yake ilikuwa moja duniani. Tangu Babu auchume hakuna aliyeuona tena, mji ulikuwa umeota juu yake. Kwenye lebo ya ua lile Babu aliandika neno moja la ziada: harufu. Hakusema harufu gani, na ua likikauka harufu yake inakwenda. Prof aliutafuta mmea huo tangu ni kijana mwenye nywele. Kila mvua za kwanza zikinyesha alivaa soksi zake akapanda vilima, akarudi na magoti yamechubuka na mikono mitupu. Mkewe, alipokuwa hai, aliniambia kwamba mmea huo ungekuwa mwanamke mwingine, angalau yeye angejua anaishi mtaa gani akamfuate.

Prof akastaafu. Kisukari kikamla macho, kwanza jicho moja, halafu yote mawili yakawa giza. Mtoto wake akampeleka nyumba ya kutunzia wazee kule upande wa Sandton. Nilikuwa nakwenda kumwona, namsomea habari za mimea, ananisahihisha matamshi. Moyo wake nao ulikuwa umechoka, na yeye mwenyewe alikuwa anajua. Siku moja aliniambia hana malalamiko na maisha, ila angependa kukutana na ule mmea wa Babu kabla hajaondoka. Alisema hivyo kwa utulivu kama mtu anayeomba chumvi. Nilirudi nyumbani sikuweza kula.

Mwaka juzi, Jumapili moja mvua zikiwa zimeanza, mimi na mume wangu tulipanda kilima cha mawe kilicho nyuma ya mtaa wetu. Daktari amemwambia atembee, na mimi ninakwenda kuhakikisha anatembea, maana nikimwacha peke yake anaishia kwenye benchi. Nyasi zilikuwa zimeungua wakati wa baridi na sasa zinachipua. Watu wa makanisa wenye kanzu nyeupe walikuwa wanasali kwenye mawe ya upande wa pili. Tukakaa tule maandazi, na hapo hapo harufu ikatupiga.

"Umekanyaga nini wewe?" nikamuuliza.

"Mimi? Angalia viatu vyako kwanza, mama watoto."

Tukakagua viatu vya pande zote mbili kama askari wa forodha. Visafi. Lakini kilikuwa kinanuka kitu, kama panya aliyefia nyuma ya kabati. Nikainama kutafuta huo mzoga niufukie. Badala ya panya nikaona ua. Dogo, rangi ya damu iliyokauka, ncha tano zimekutana juu, na nzi wawili wamelikalia kama wageni wa heshima. Maandazi yakaniponyoka. Karatasi ile nilikuwa nimeibandika kwa mikono yangu. Ningeutambua mmea ule hata kwenye ndoto.

Sisi watu wa kazi hii tuna desturi moja, na Prof aliikazia kuliko Amri Kumi: kabla hujachuma, simama uangalie iko mingapi. Ikiwa michache, mikono nyuma. Nikazunguka pale, nikainama, nikatafuta kila upande wa jiwe. Ulikuwa peke yake. Nikapiga picha, kisha nikampigia Prof.

"Nimeupata," nikamwambia. "Ule wa Babu."

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Iko mingapi?"

"Mmoja tu."

"Usiuguse."

Nikamwambia nitachuma ua lenyewe tu, nimletee kitandani, nani atajua? Akanipigia kelele ambayo sikuwa nimeisikia tangu enzi za brashi. "Ukichuma usikanyage tena chumbani kwangu!" Na mimi damu ikapanda. "Basi kaa hapo mpaka ufe hujalipata!" nikamwambia. Neno likishatoka halirudi, nikabaki nimeshika simu mdomo wazi. Lakini yeye hakukasirika. Akauliza taratibu, kama mtoto, "Linanuka?"

"Njoo unuse mwenyewe," nikamjibu, nikakata simu, nikaketi juu ya jiwe nikalia.

Mume wangu akamaliza andazi lake. "Haya, umeshamwalika," akasema. "Atapandaje huku?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Picha niliwatumia vijana wa jengoni, wakathibitisha, wakaruka kwa furaha. Lakini picha ingemfaa nini mtu asiyeona? Na ua dogo namna ile halisubiri. Jua kali likija siku mbili tatu limekwisha. Na mmea ule baada ya ua unarudi chini kwenye kiazi chake, hujui utatoka lini tena. Prof hakuwa na mvua nyingine ya kusubiri. Nikashuka kilimani nikagonga mlango wa majirani zetu wa chini, vijana wawili Wakongo, mmoja fundi cherehani wa Bukavu, mwingine mlinzi, mtu wa Lubumbashi. Nikawaeleza.

"Mama," akasema mlinzi, "sisi tunabebaka frigo mpaka ghorofa ya juu, lifti imekufa. Huyu mzee ni nini?"

Kesho yake tukaenda kumchukua na skorokoro letu, gari letu la mkweche. Walezi wake walitaka kujua mgonjwa wa moyo anapelekwa wapi. Binti yake akawaambia kwenye simu wamwache, baba yake amekwenda kwenye miadi. Prof alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, amevaa zile soksi.

Chini ya kilima tukamketisha kwenye kiti cha mbao cha jikoni kwangu, tukamfunga kiunoni kwa kitenge cha fundi asidondoke. Vijana wakakamata kiti, mmoja huku mmoja huku, mume wangu mbele akionyesha njia na mimi nyuma nikiwapigia kelele waangalie mawe.

"Bon," akasema fundi huku anahema, "babu zetu walibebeshwa wazungu kwa fimbo. Sisi tunabeba kwa maandazi ya mama. Si maendeleo hayo?"

Tukacheka mpaka ikabidi kiti kiwekwe chini. Prof akataka kujua tunacheka nini. Nikamtafsiria, na sikupunguza neno. Akawauliza majina yao na majina ya mama zao, akawa anayarudia njia nzima, wanamsahihisha, mpaka akayapatia. Mimi kule nyuma nilijikausha, lakini moyo wangu ulikuwa umejaa.

Tulipofika, ua lilikuwepo. Alhamdulillahi, lilikuwepo! Tukamfungua, tukamsaidia kupiga magoti, nikamshika kichwa nikamwelekeza. Alikuwa ameweka mikono yake nyuma ya mgongo, kama alivyotufundisha sote. Akainama, akavuta pumzi.

Akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Kisha akainama tena, akavuta nyingine, ndefu. Mabega yakaanza kumtikisika, nikashtuka, nikadhani ni moyo. Kumbe anacheka.

"Harufu!" akasema. "Yule mpuuzi aliandika harufu! Hii si harufu, huu ni uvundo! Umri wangu wote nimekuwa nikiwaza yasmini!"

Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka, na mimi nacheka na kulia vilevile. Fundi alikuwa amejiziba pua kwa shati. Prof akanusa tena, akanusa tena, kila mara anasema ah, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Hakuligusa. Nilimwambia aguse kidogo tu, akakataa. "Ni mmoja," akasema. "Nikiuvunja, nimeumaliza mimi."

Yule mlinzi alikuwa ameteremka kidogo nyuma ya jiwe kubwa kupokea simu. Tukasikia sauti yake. "Mama! Huku nako kunanuka!"

"Umekojoa wewe!" mume wangu akamjibu.

"Hapana, Papa, haki ya Mungu! Ni ile ile!"

Prof akaniminya mkono mpaka nikasikia maumivu. "Nenda," akasema. "Nendeni wote. Msikanyage!"

Mtu angepita pale angeita polisi. Watu wazima wanne, kifudifudi, pua kwenye nyasi, tunanusa kilima kama mbwa. Nyuma ya jiwe kulikuwa na mmoja, chini yake mwingine mdogo. Fundi akapata kwenye ufa wa mwamba akasahau kuziba pua. "Hapa!" "Na hapa!" "Eish, huku ni kijiji kizima!" Prof alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni kwangu juu kabisa, uso juani, kila mtu akipaza sauti anakunja kidole. Vidole vya mikono vikaisha. Akaanza upya. Vikaisha tena. Nilipopanda kwake alikuwa ameachia mikono mapajani.

"Miaka yote hiyo," akaniambia, "nimepita hapa na macho mazima."

"Pua yako ilikuwa wapi, Prof?"

"Juu sana," akasema. "Nilikuwa mrefu."

Kisha akanyoosha mkono. "Sasa nipe," akasema. Nikamsaidia kupiga magoti tena, nikauchukua mkono wake, nikaupeleka chini, nikaufikisha kwenye ua. Akagusa. Alipita kila ncha kwa kidole, taratibu, akaingia ndani ya kitundu cha ua, akashuka kwenye shina, akarudi.

Namshukuru Mungu kwa siku ile. Nawashukuru wale vijana, na mgongo wa fundi uliouma wiki nzima. Namshukuru hata Babu na mwandiko wake. Prof hakuishi kuona mvua zilizofuata, na nilipomzika nililia kama nilivyolia mwaka wangu wa kwanza katika mji huu.

Lakini kesho yake, baada ya kupanda kilima, simu yangu iliita tungali tunakunywa chai. Alikuwa mlezi wake, dada wa Kizulu, amekasirika kwelikweli. Akataka nimwambie tulimshikisha yule mzee kitu gani, maana mkono wake unanuka panya aliyekufa, chumba kizima kinanuka, shuka zinanuka, na amekataa katakata kunawa. Tangu jana, akasema. Kila akimletea maji na sabuni, mzee anauficha mkono kifuani, chini ya blanketi, na anatabasamu.

"Dada yangu," nikamwambia nilipoweza kusema, "fungua dirisha, lakini mwache. Usimnawishe."